Mnyama Akikwama Lubumbashi, Ubishe Mlango wa Nani?

Mkaaji wa Katuba aliyekuta mbwa amegongwa na teksi, mwenzake wa Kampemba aliyeletewa mtoto wa sokwe ndani ya katoni ili amnunue, na mama wa Ruashi ambaye mwanawe ameumwa na mbwa asiyejulikana ni wa nani, wote watatu wanauliza swali moja: nimwite nani? Majibu ni matatu, na hayakai katika jengo moja. Msaada kwa wanyama upo Lubumbashi, tena iko miji mingi ya nchi hii ya Kongo isiyo na nusu ya kile ambacho mji huu unacho, lakini umetawanyika katika milango isiyofahamiana, na asiyeujua mlango wake huzunguka nusu siku huku mnyama akizidi kudhoofika. Kinachoamua uelekee wapi ni mambo mawili: mnyama huyo ni wa kufugwa au wa porini, na je, amemuuma mtu.

Mgawanyo huo unaanzia serikalini. Mbwa, paka, mbuzi, kuku na ng'ombe wako chini ya wizara inayoshughulikia uvuvi na ufugaji, ambayo ina wawakilishi wake katika jimbo la Haut-Katanga na maofisa wake karibu na wananchi. Hao ndio wanaohusika na chanjo, ukaguzi wa nyama na vibali vya kusafirisha mifugo. Sokwe, makako (yaani nyani na tumbili), kasuku wa kijivu na kakakuona ni wanyamapori, nao wako mikononi mwa wizara ya mazingira, hasa taasisi ya kitaifa ya uhifadhi ambayo kila mtu hapa anaijua kwa herufi zake za Kifaransa, ICCN. Mtu aliyeumwa na mnyama ni mgonjwa wa zoni ya afya, yaani huduma za afya za eneo lake, na zoni ya afya haimtibu mbwa. Ndiyo maana ofisa wa ufugaji akikwambia kwamba habari za makako si kazi yake, mara nyingi hakufukuzi. Anasema ukweli wa kiofisi, ingawa angefanya vyema zaidi kukuelekeza kwa mwenzake.

Sheria nayo haina usawa, na ni vizuri kulielewa jambo hilo mapema. Mnyamapori ana ulinzi mkubwa katika maandishi: sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira inakataza kuua, kukamata, kumiliki au kuuza wanyama wanaolindwa bila kibali, na anayeivunja hukabiliwa na kifungo na faini. Mbwa hana ngao ya namna hiyo. Kanuni ya adhabu, ambayo msingi wake ni amri ya tarehe 30 Januari 1940, inamtazama mnyama wa kufugwa kwanza kama mali ya mtu, kwa hiyo anayesikilizwa polisi ni mwenye mbwa aliyeharibiwa mali yake, na mbwa asiye na mwenyewe hana mlalamikaji. Ugumu unazidi pale anayemtesa mnyama anapokuwa ndiye mwenyewe. Hapo njia ya polisi ni nyembamba, na kwa maoni yangu shefu wa mtaa, mchungaji wa kanisa au mzee anayeheshimika katika avenyu hiyo hufanikisha mengi zaidi kuliko karatasi ya malalamiko.

Hata huyo mzee lakini hatasaidia ukimwambia tu kwamba mbwa wa jirani "anateswa", kwa sababu jirani atajibu kwamba ni mbwa wake na anakula kila siku. Mwaka 1965 kamati moja ya Uingereza iliyochunguza hali ya mifugo ilitoa mawazo ambayo baadaye yalikuja kuitwa uhuru wa aina tano, na ambayo leo yamo katika mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani: mnyama asikae na njaa wala kiu, asikose mahali pa kujikinga, asiachwe na maumivu au ugonjwa bila tiba, aweze kufanya yaliyo ya asili yake, na asiishi katika hofu. Faida ya maneno hayo hapa kwetu ni kwamba yanageuza huruma kuwa mambo yanayoonekana kwa macho. Mnyororo una urefu wa mita moja, sufuria ya maji imekauka tangu asubuhi, hakuna kivuli saa sita ya mchana mwezi wa kumi, na shingoni kuna kidonda chenye funza. Mambo manne ya namna hiyo, yakitajwa kwa upole na bila kumwaibisha mtu mbele ya watoto wake, ni magumu kuyakana.

Tuanze na aliyeumwa, kwa kuwa hapo kosa dogo linaua. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, hakina tiba ya kutegemewa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya wanaougua waliambukizwa na mbwa. Virusi hukaa katika mate, huingia kwenye jeraha, kisha hupanda taratibu katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au kupita mwaka mzima, na uzito huo wa mwendo ndio unaoipa chanjo nafasi ya kumtangulia adui hata baada ya mtu kuumwa.

Kazi ya kwanza inafanyika bombani au kwenye ndoo, kabla ya kutafuta pikipiki. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, na sabuni ya mche ya kufulia inatosha. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, na mtoto atalia, lakini sabuni huvunja virusi mahali palepale vilipo, na hakuna dawa ya bei rahisi kuliko hiyo. Majivu, mafuta ya mawese, pilipili na lile jiwe jeusi ambalo wengi wetu tulifundishwa kuliweka palipoumwa na nyoka haviondoi chochote, na vinachelewesha. Baada ya hapo mtu aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na ikiwa kituo hakina chanjo, aombe aelekezwe kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, ambako wanapaswa kujua ni hospitali gani inayo kwa wakati huo. Chanjo hutolewa kwa awamu, kuanzia siku ya kwanza, kisha siku tatu na siku saba baada yake, na kuendelea kulingana na utaratibu uliochaguliwa na daktari; jeraha likiwa la kina, au likiwa kichwani au mikononi, uliza pia kuhusu kingamwili za kudungwa kwenye jeraha lenyewe. Anayeacha katikati kwa sababu kidonda kimepona amepona ngozi tu.

Na mbwa je? Desturi ni kumuua kwa mawe kabla jua halijazama, na inaeleweka, lakini ni desturi inayotunyima jibu. Mbwa au paka aliyeuma, akifungiwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, na akabaki hai na mwenye afya mpaka mwisho wa siku hizo, hakuwa na virusi katika mate yake siku alipouma. Akibadilika tabia, akaanza kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza au kupooza, ofisa wa mifugo aarifiwe mara moja. Akiwa ameshauawa, asichomwe wala kutupwa mtoni, na mtu asimguse kwa mikono mitupu, maana uchunguzi wa maabara hufanywa kwenye ubongo, na kichwa kilichopondwa kwa jiwe hakina tena cha kuchunguzwa. Hapa ndipo milango miwili, wa afya na wa mifugo, inapopaswa kubishwa kwa siku moja, na kwa kuwa ofisi hizo si lazima ziwe zinapeana habari, familia ya aliyeumwa ndiyo inayobeba ujumbe kutoka moja hadi nyingine.

Tukija kwa mnyama mgonjwa au aliyejeruhiwa, Lubumbashi ina bahati ambayo wakaaji wake wengi hawaitumii. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina fakulti ya tiba ya wanyama, na sehemu kubwa ya madaktari wa mifugo wanaofanya kazi kusini mwa nchi walipita katika madarasa yake. Kwa mwenye mbwa au paka, kliniki ya fakulti hiyo ni mahali pa kwanza pa kuulizia, kwa sababu hata kama hawawezi kumpokea mnyama wako siku hiyo, wanajua ni daktari gani wa mjini anayefanya upasuaji na ni nani anayeshughulika na kuku na nguruwe tu. Wapo pia madaktari binafsi wanaofika nyumbani, na yapo maduka ya dawa za mifugo ambayo ni msaada mkubwa mradi tusisahau kwamba anayeuza chupa si lazima awe ndiye anayejua ugonjwa.

Namna ya kueleza tatizo kwenye simu ina uzito kuliko watu wanavyofikiri. "Docta, mbwa wangu anaumwa, uje" haimpi daktari chochote cha kushika. "Docta, ni mbwa jike wa miezi minne, hajachanjwa, alianza kutapika jana usiku, leo anahara damu yenye harufu kali na hataki hata maji" inamfanya aje tayari na dripu, kwa sababu anachokiwaza ni parvo, ugonjwa unaoweza kumwangusha mtoto wa mbwa kwa siku chache, na unaoua hasa kwa kumkausha maji mwilini. Tena atakwambia jambo ambalo wengi hulijua wamechelewa: virusi vya parvo hudumu ndani ya udongo wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, kwa miezi mingi, hata kupita mwaka, kwa hiyo mtoto mwingine wa mbwa asiletwe mahali hapo kabla hajakamilisha chanjo zake, na sakafu ya saruji isuguliwe kwa dawa ya klorini kwani sabuni peke yake haitoshi.

Mbwa aliyegongwa na gari anahitaji kwanza kufungwa mdomo, na hili si ukatili. Mnyama mwenye maumivu makali humuuma hata aliyemlea. Chana ukanda wa kitenge wenye upana wa vidole vitatu, piga fundo legevu, livishe juu ya pua na ulikaze, pitisha ncha zake chini ya kidevu na uzipishanishe, kisha uzifunge nyuma ya masikio kwa fundo linalofunguka haraka. Usifanye hivyo ikiwa anatapika au anapumua kwa shida. Halafu msogeze taratibu juu ya ubao, mlango wa zamani au zulia gumu, watu wawili wakishika pande mbili, bila kumnyanyua kwa miguu, maana uti wa mgongo uliopasuka unaweza kukatika kabisa wakati wa kumpandisha kwenye pikipiki.

Sumu ni habari ya usiku. Wezi wanaotaka kuingia ndani ya lupango hurusha kipande cha nyama chenye dawa ya wadudu au ya panya juu ya ukuta, na mlinzi humkuta mbwa anatetemeka, mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Dalili hizo huelekeza kwenye kundi la dawa za wadudu ambalo daktari hulipinga kwa atropini. Sumu nyingine za panya hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande, hazionyeshi kitu kwa siku kadhaa, na tiba yake ni vitamini K. Kwa sababu hiyo pakiti iliyookotwa karibu na ukuta, au hata mabaki ya nyama yenyewe yaliyotiwa ndani ya mfuko, yana thamani kubwa kuliko maelezo marefu. Maziwa na mafuta ya mawese, ambavyo karibu kila mtu atakushauri, havimalizi sumu, na mbwa anayetetemeka akinyweshwa kwa nguvu huvuta maji hayo mapafuni akafa kwa jambo jingine. Kuhusu paka, onyo moja linatosha: paracetamol, ile ya kawaida iliyo katika kila nyumba, ni sumu kwake. Kibao kimoja kinaweza kumuua, na ufizi wake hugeuka rangi ya kahawia kabla ya hapo.

Kuhusu mbwa wa mitaani, nina maoni ambayo hayawafurahishi wote wanaopenda wanyama. Kila kundi la vijana wenye moyo huota kufungua nyumba ya kuwahifadhi, na nyumba hiyo hujaa katika miezi michache, kwa sababu mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Pesa zote huishia kwenye unga na mifupa, parvo huingia, na anayeendesha kituo hubaki peke yake. Msaada unaopunguza mateso kwa wengi ni chanjo na kufunga uzazi. Wataalamu wanakubaliana kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali kunatosha kukata mnyororo wa kichaa cha mbwa, na lengo la dunia ni kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena mtu kwa ugonjwa huo unaotokana na mbwa. Kuwapiga risasi au kuwawekea sumu mbwa wanaozurura, jambo ambalo viongozi wa miji mingi hulikimbilia baada ya mtoto kuumwa, huwaondoa pia mbwa waliokwisha kuchanjwa na kuwaachia nafasi wageni wasiochanjwa. Tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huo, huwa ndiyo wakati ambapo huduma za mifugo katika nchi nyingi huandaa chanjo ya bei ndogo au ya bure. Anayetaka mtaa wake uingie katika mpango aende kuuliza ofisi ya mifugo mwezi wa saba au wa nane. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kama kadi inavyoagiza.

Sasa tuje kwenye katoni ya Kampemba. Mtoto wa sokwe anayeuzwa mjini hakuzaliwa karibu na mji. Ameletwa kutoka misitu ya kaskazini, na ili apatikane, mama yake aliuawa, mara nyingi pamoja na wengine waliojaribu kumtetea. Anayemnunua kwa huruma, akidhani anamwokoa, amemlipa mwindaji gharama za safari inayofuata. Lubumbashi ina kituo chake cha kupokea wanyama wa namna hii, kijulikanacho kwa jina la JACK, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau kwa ajili ya wanyama wachanga walionyang'anywa wafanyabiashara katika Katanga ya wakati ule. Ni mwanachama wa PASA, muungano wa vituo vya Afrika vinavyolea sokwe na makako yatima. Kabla ya hapo, baadhi ya sokwe waliotoroshwa kutoka Zaire waliishia ng'ambo ya mpaka, Chimfunshi, karibu na Chingola nchini Zambia, ambako familia ya Siddle ilimpokea wa kwanza mwaka 1983.

Utaratibu ni kwamba mnyama hakabidhiwi kituo kama zawadi ya mtu binafsi. Ananyang'anywa au kupokelewa na mamlaka, hasa ICCN, ndipo anapelekwa kulelewa, na karatasi za makabidhiano huandikwa. Aliyeona mnyama akiuzwa asijifanye mnunuzi wala asimfuate muuzaji nyumbani. Aandike avenyu, saa, namba ya gari ikiwa ipo, apige picha ikiwa haimhatarishi, kisha awape habari hizo ICCN au kituo chenyewe. Tahadhari hiyo si woga. Septemba 2022 watu waliingia usiku katika kituo cha JACK, wakaiba watoto watatu wa sokwe, wakadai fidia na kuitishia familia ya waanzilishi. Biashara hii ina pesa nyingi na mikono mirefu: mwaka 2020 makako waliotoroshwa kutoka Kongo walikamatwa mbali kabisa, nchini Zimbabwe, wakapaswa kurudishwa.

Ikiwa mnyama amekwisha kuachwa mlangoni kwako na wahusika hawajafika, mweke mahali penye joto, giza kidogo na ukimya, mpe maji, na uwazuie majirani wasije kupiga naye picha. Mafua yetu madogo yanaweza kumuua sokwe, na yeye naye anaweza kutuambukiza magonjwa yake. Mpox, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza kwa binadamu katika nchi hii mwaka 1970, na ambayo Agosti 2024 ilitangazwa tena kuwa dharura ya afya ya dunia, inaweza kumpata makako na kutoka kwake kuingia kwa anayembeba.

Kasuku wa kijivu ana shida ya peke yake, kwa sababu watu wengi waaminifu wanaye nyumbani na hawajioni kuwa wahalifu. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imefungwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Kongo ni mwanachama wake tangu 1976. Ukimtazama kwa karibu yule anayetembezwa kwenye kijiti sokoni, utaona mabaki ya ulimbo kwenye vidole na chini ya bawa, na manyoya makubwa ya kurukia yamekatwa sawasawa kwa mkasi. Manyoya hayo hayakui kama kucha. Yanangoja yang'oke yenyewe na mapya yaote, kazi ya miezi mingi. Kwa hiyo kumfungulia dirishani "arudi kwao" ni kumpa paka, na hata kama angeruka, miombo inayouzunguka mji huu si msitu wa mvua alikotolewa. Naye apitie mlango wa ICCN.

Pesa zinatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka mfukoni mwa anayemwokota mnyama, na ni bora kukubali hivyo tangu mwanzo na kumuuliza daktari bei kabla ya sindano ya kwanza. Kikundi kinachotaka kuomba msaada nje kinahitaji kwanza kuwa na uso wa kisheria: mashirika yasiyo ya faida yanaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na bila hati zake mfadhili hana anayemwandikia. Worldwide Veterinary Service ya Uingereza hutuma vifurushi vya dawa na vifaa kwa miradi ya wanyama katika nchi nyingine inayoomba, na muungano wa GARC, unaopambana na kichaa cha mbwa, una mafunzo ya bure kwenye intaneti kwa wanaotaka kuelimisha mitaa yao. Kwa ushauri wa namna ya kuendesha kazi yenyewe, majirani wametutangulia: Lusaka wana shirika la ustawi wa wanyama, na lile la Nairobi, KSPCA, historia yake inaanzia mwaka 1910. Wafadhili wamekuwa wagumu, na wana sababu, kwani zimesambaa video za watu wanaomtumbukiza mtoto wa mbwa shimoni ili wapigwe picha wakimtoa. Risiti yenye jina la daktari, picha ya siku ya kwanza na picha ya mwezi wa tatu huombea msaada vizuri kuliko machozi.

Kuna wanyama ambao tiba haiwafikii tena, na daktari akisema mgongo umekatika, kumlaza kwa sindano ni sehemu ya huduma. Aachiwe yeye kazi hiyo, na isifanywe kwa jiwe wala kwa kamba.

Mlango wa mwisho ni wa wanaoondoka. Wageni wengi wa makampuni ya migodi hufuga mbwa hapa, na mkataba unapokwisha mbwa huachwa kwa mlinzi aliyebaki bila mshahara. Kumpitisha Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, kunahitaji cheti cha chanjo, cheti cha afya kutoka huduma za mifugo na kibali cha Zambia. Ulaya ni mbali zaidi: mbwa huwekewa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha huchanjwa, damu yake hupimwa kingamwili siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, halafu husubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Ni zaidi ya miezi minne kwa jumla. Anayearifiwa safari yake wiki tatu kabla amtafutie mbwa mtu wa kumtunza hapa mjini mpaka miezi hiyo iishe, na siku ya kumkabidhi aache mezani kadi ya chanjo, namba ya chipu, simu ya daktari na pesa ya chakula ya miezi yote hiyo.